Sauti Nyuma ya Mlango wa Jiko

Zuwena tumemzika Al Qabil, huku Oman, mwezi uliopita, na matangani pale wanawake waliotoka Ibra na Bidiyah, ambao hawanijui, walikuwa wakiniuliza: wewe nani wake? Nikawajibu, mtoto wa mjomba wake. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kweli yote ingetaka nikae kitako niombe kahawa, na wao hawakuwa na wakati. Walikuja kusoma, kula harisi na kurudi kwao kabla jua halijawa kali. Basi nitaisema hapa. Kuna mwaka mmoja wa maisha yangu nilimwonea Zuwena wivu mpaka nikakonda. Sisemi kijicho kile cha kuona gauni la mwenzio ukalitaka, maana gauni utakwenda dukani utalinunua. Nasema wivu wenyewe, ule unaoamka nao alfajiri kabla hujasema bismillahi, unakula nao, na ukicheka unacheka nao. Watu husema wivu ni wa wapendanao. Mimi nilikuwa sijapendana na mtu, nilikuwa napenda peke yangu, na huo ndio mbaya zaidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Mwanza na sanduku moja na Kiingereza cha shule ya masista. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Shangazi Asya, dada yake marehemu baba, aliniita Oman kwa sababu ya hicho Kiingereza. Mumewe, ambaye sote tulimwita Ami Hamed, alikuwa na shamba la mitende Al Qabil, na katikati ya shamba ilikuwapo nyumba ya wazee wake, ya udongo, ghorofa moja, madirisha madogo ya mbao na ngazi ya kukuvunja magoti. Wenyewe walishahamia nyumba ya saruji yenye viyoyozi karibu na barabara, na ile ya zamani waliwaachia popo. Watalii waliokuwa wakipita kwenda kwenye jangwa la mchanga wakawa wanasimama kuipiga picha. Mama mmoja wa Kitaliano akamwambia Ami kwamba kwao, kisiwani, wakulima hufungua nyumba kama hizi wakapokea wageni. Mgeni akalala, akala kilichotoka shambani, asubuhi akaamshwa na jogoo, na watu hutoka mbali kuyafuata hayo. Ami Hamed alicheka kutwa nzima, mtu mwenye akili zake aende kulala mahali alipopakimbia yeye. Msimu uliofuata hakucheka tena, aliita mafundi.

Ile nyumba naijua mpaka leo kuliko hii ninayokaa. Vyumba vya juu vilikuwa vya wageni: magodoro chini, mito mizito ya pamba, kandili za zamani zilizotiwa balbu, na ukutani sinia za shaba alizokuja nazo bibi yake Ami kutoka Unguja. Chini palikuwa na jiko, ukumbi wa kulia, na chumba changu. Chumba changu zamani kilikuwa ghala ya tende. Sakafu yake ina mifereji midogo, kwa sababu vikapu vya tende vilipangwa humo mpaka karibu na dari, vikagandamizana kwa uzito wao, na asali ya tende ikachuruzika mferejini mpaka kwenye mtungi uliofukiwa pembeni. Tulitandika zulia, lakini ukilala mifereji ile unaihisi mbavuni, na joto likizidi chumba kizima kinanuka asali, sisimizi wanakuja kwa safu kutafuta kitu kilichokwisha zamani. Mzungu mmoja alinisihi alale humo usiku mmoja, akisema ndicho chumba kizuri kuliko vyote. Nilimwachia. Asubuhi alitoka kaumwa na sisimizi mwili mzima, na amefurahi. Watu wale walikuwa wakitaka hasa yale sisi tuliyokuwa tukiyakimbia, na mimi nikiyapigia chapuo kwa Kiingereza kana kwamba nimezaliwa humo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu mimi lilikuwa jiko. Asubuhi nikipika vitumbua, mbaazi za nazi na chai ya maziwa yenye iliki, maana Shangazi aliona wageni wale kitu wasichokipata kwengine, na mchana tukipika pamoja, mimi na Zuwena. Zuwena alikuwa binti pekee wa Shangazi, tumepishana miezi tu. Alizaliwa Oman akasomea Oman, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota jikoni kwa mamake. Alikuwa akisema, "Rahma, kisu yangu iko wapi?" na mimi nikimsahihisha kwa raha kubwa. Lakini akifungua mdomo kwa Kiarabu, raha yangu ilikwisha. Alikuwa na maneno, na maneno yake yalikuwa na chumvi, hata wazee walikuwa wakimsikiliza. Na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa akipika mkate wa rakhal, ule mwembamba wa chuma cha moto: anachota unga uliolainika kwa kiganja, anaupaka juu ya chuma mara moja, anaubandua kabla hujageuka, na vidole haviungui. Mimi nilijaribu, nikapata malengelenge na kitu kama kiraka. Alikuwa mzuri pia, sina haja ya kumpunja marehemu. Sasa hivi naweza kuyasema haya nikinywa chai yangu. Wakati ule nisingeyasema hata kwa viboko.

Aliyekuwa akileta wageni ni Nassor. Alikuwa dereva wa kampuni moja ya utalii Maskati, anakuja na Land Cruiser imejaa Wajerumani na Wafaransa, wanalala kwetu, kesho yake anawapeleka mchangani, au Ras al Hadd kutazama kasa wanaotaga. Alizaliwa Tabora. Mimi pia nimezaliwa Tabora, ingawa tulihamia Mwanza kabla sijajua kutembea, na hilo peke yake lilinitosha kumwona ni wangu. Mamake alifariki kwa uzazi wake, akanyonyeshwa na kulelewa na jirani, mama mmoja anayeitwa Bi Salima, na Bi Salima na mumewe walipohamia Oman walikuja naye, naye ana miaka kama kumi. Bi Salima sasa alikuwa Samad Ash Shan, na Nassor akimwita mama na kila mwisho wa mwezi lazima ampitie. Yote haya aliniambia mwenyewe uani, mimi nahesabu mataulo ya wageni na yeye anashusha mabegi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Umeshalizoea joto au bado unalilia Mwanza?" Alisema kwa Kiswahili chetu cha bara, kile cha kuvuta maneno, na mimi niliyekuwa nikiishi na Kiarabu masikioni kutwa kucha nilitaka kukaa chini. Nikamjibu, "Nalilia samaki wa ziwani tu, joto nimelisamehe." Akacheka. Hapo ndipo nilipopotea.

Sasa nieleze jinsi nyumba ile ilivyokuwa, maana wivu wangu ulitokea hapo. Mwanamme wa kando akiingia uani, binti wa nyumba haonekani. Mimi kwa sababu ya wageni nilikuwa na ruhusa: nimejitanda shela yangu vizuri, nasimama, nasema ya kazi. Zuwena alibaki jikoni, mlango umeegeshwa nusu, na akisema kutoka nyuma ya mlango. Akimuuliza kwa Kiarabu wageni ni wangapi na kama matumbo yao yanahimili pilipili, na Nassor akimjibu, kisha mmoja anatia kichekesho na mwengine anakipokea, na mimi nimesimama katikati na mataulo yangu, sikijui wanachokicheka. Nikiuliza, Nassor ananitafsiria, na kichekesho kikitafsiriwa kinakuwa kama chai ya jana. Utadhani anayeonekana ndiye mwenye bahati. La. Mimi nilionekana mzima, na jasho langu, na unga kwenye shela, na Nassor macho yake yako kwenye mlango. Sauti haina jasho. Niliwahi kuuchukia ule mlango, wallahi, ubao mtupu, nikatamani mchwa waule.

Nilimtazama anavyokula. Wageni walikuwa wakila chini, sinia katikati, na yeye anakaa nao kuwafundisha kula kwa mkono. Mimi nikiingia na kutoka, nikifuata mkono wake unakwenda wapi kwanza. Vitumbua alikula na kusema alhamdulillahi. Mkate wa rakhal alikula na kuuliza, "Huu kaupika nani?" Kuna siku alikuja na chupa ya asali ya Tabora aliyoletewa na mtu, akanikabidhi mbele ya Shangazi, akasema, "Hii ya Rahma, asije akakumbuka kwao akalia." Nikaiweka chumbani kwangu, jioni nikaipeleka jikoni nimwonjeshe Shangazi, nikatoka kumwagia maji maua ya wageni. Kurudi, nikakuta Zuwena kaipaka juu ya mkate wake wa moto, kaukunja vizuri, na sinia imeshapelekwa nje kwa Nassor. Asali yangu, kwenye mkate wake, mdomoni mwa Nassor. Akaniambia, "Tamu sana, Rahma, asali hiyo inapenda mkate yangu." Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililonikera, hakuwa na ubaya hata kidogo, na sikula siku ile.

Halafu nikasikia nisilotakiwa kulisikia. Nilikuwa juu ya paa naanua mashuka, baada ya alasiri, na chini yangu kwenye baraza Shangazi na Ami wanakunywa kahawa. Ami alisema, "Huyu Nassor anakuja mno kuliko wageni anaowaleta." Shangazi akasema, "Anamjia Zuwena." "Kakwambia?" "Mambo hayo huambiwi, Hamed, unayaona. Kijana mzuri, anaswali, kabila lake tunalijua. Mimi nasema karibu." Ami akauliza, "Na Rahma je? Mtoto wa kaka yako huyo." "Rahma mpita njia. Akishazoea nchi tutampatia kazi Maskati, na mume atampata huko huko. Mtoto ana Kiingereza." Nikakaa pale juu na mashuka mapajani. Sikulia. Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa na adabu, iliniambia jambo moja tu: nataka anipose mimi, si yeye, na nisipompata Nassor nitakuwa mpita njia maisha yangu yote. Sikufanya hila, kwa sababu sikuijua hila ya kufanya. Nilipika, nikangoja, na kila Land Cruiser ikionekana vumbi lake mimi nilijua kabla ya mbwa.

Kiangazi kilipoingia wageni walikatika. Hakuna Mzungu anayekuja Al Qabil mwezi wa saba. Ndio wakati wa tabsil, na nadhani msomaji asiyetoka Sharqiyah, upande ule wa Al Qabil, halijui neno hili: kuna tende zinazoitwa mabsli, hazingojwi kuiva kabisa, zinakatwa zingali za manjano na ngumu, zinachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, kisha zinaanikwa juani mpaka zikauke zipelekwe Bara Hindi. Shamba zima hunuka moto na sukari. Kila mwenye shamba huitana na jamaa na majirani, kwa sababu kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Nassor alichukua likizo akaja kumsaidia Ami. Wanaume wakichochea moto na kuopoa tende kwa vikapu, sisi wanawake tukichambua chini ya banda la makuti ya mtende, na kati yetu na wao pamewekwa kizuizi cha makuti. Hata hapo Zuwena sauti yake ilivuka. Alikuwa akiwaambia wanaume wamelala, tende zimegeuka uji, na Nassor anamjibu kutoka kwenye moshi, na watu wote wanacheka. Mama mmoja jirani akanigusa bega, akaniuliza mbona nanyamaza. Nikamwambia tende mbichi zimenitia ukakasi mdomoni. Sizitaki mbichi hizi, alisema sungura, na sungura alikuwa na haki yake.

Siku za mwisho za tabsil nilichukua masufuria nikaenda kuyaosha kwenye falaj, ule mfereji wa maji unaopita shambani. Ilikuwa asubuhi, mashangazi wote wa jirani wanapita na vikapu vyao, hakukuwa na siri yoyote. Nassor alikuja na ndoo. Akasimama ng'ambo ya mfereji, akaangalia maji, hakuniangalia mimi.

"Rahma."

"Naam."

"Nikimleta mama yangu kutoka Samad, aje kwa Shangazi yako, utaniaibisha?"

Nikaendelea kusugua sufuria. "Aje kwa ajili ya nani?"

"Wewe unadhani nakuja huku kula mkate?"

"Ndivyo ninavyodhani. Na nyumba nzima inadhani hivyo."

Akacheka, lakini kidogo. "Mkate naula kwa adabu. Zuwena namtania kwa sababu simwoni, mtu usiyemwona ni rahisi kumtania. Wewe nikikuona maneno yananikimbia. Nimjie nani mwengine?"

"Mlete," nikasema. Aliondoka, na mimi nikarudi nyumbani na masufuria yale yale machafu, Shangazi akanituma tena.

Nassor alipozungumza na Ami, na Ami akamwambia Shangazi, nilikuwepo. Shangazi aliniangalia kwa muda, kisha akanikumbatia, maana alikuwa mtu mwenye kujua wajibu wake, lakini mikono yake ilikuwa mizito. Zuwena alinipa mabruk, akanibusu mashavu yote mawili, na macho yake yalikuwa mekundu. Akasema moshi wa tabsil. Tabsil ilikuwa imekwisha. Sitasema uongo, wekundu ule ulinifurahisha kuliko posa yenyewe. Nilikwenda chumbani kwangu, nikalala chali juu ya mifereji ya asali, nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimemshinda, na sauti yake, na mkate wake, na mlango wake. Siku chache zile nilimpenda Zuwena kama ndugu wa tumbo moja. Nilimpikia, nikamsuka nywele, hata kisu yake niliiacha iwe yake.

Bi Salima alikuja Ijumaa baada ya sala, na Nassor, na mwanawe mmoja, na halwa. Wanaume wakaingia majilisi, sebule ya wanaume, kwa Ami, yeye akaletwa ndani kwetu. Alikuwa mwanamke mnene, sauti ya kukwaruza, ana hina mpya vidoleni kwa ajili yetu. Niliingia na kahawa, nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akasema marahaba, akanishika kidevu, akaniinua uso. Akanitazama sana. Shangazi akasema, "Huyu ndiye Rahma, binti wa kaka yangu Khalfan, Mungu amrehemu."

"Kabila najua, Nassor kanambia," akasema Bi Salima. "Baba yako jina nimelisikia, lakini Khalfan wako wengi. Mama yako nani, mwanangu?"

"Mama yangu Zaina. Yuko Mwanza."

"Zaina wa Mwanza?"

"Wa Tabora, mama. Mimi nimezaliwa Tabora. Mwanza tumehamia."

Akaweka kikombe chini. "Zaina mfupi, wa kipaku hapa shavuni? Mkikaa nyumba ya bati jekundu, karibu na kwa fundi baiskeli?"

Sikuijua hiyo nyumba ya bati jekundu. Kipaku nilikijua. Nikaitika kwa kichwa, na nilikuwa bado natabasamu, nikidhani tumepata udugu, ndio mambo mazuri yanaanza.

"Yarabi salama," akasema polepole. "Mama yako alilazwa na homa, wewe una siku tu, hana tone la maziwa. Waliniletea wewe. Nina mtoto wangu wa pili begani na Nassor mapajani, nikakuchukua, nikakunyonyesha mpaka alipotoka hospitali. Mwezi mzima umelala kifuani kwangu." Akamgeukia Shangazi. "Asya, hii posa haipo. Hawa ni ndugu. Nassor kanyonya ziwa hili na huyu kanyonya ziwa hili."

Shangazi alikuwa ameondoka Tabora zamani, kabla baba hajaoa, hakuwa na njia ya kujua. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Katika posa ile waliuliza kila kitu: kabila, baba, babu, babu wa babu, nani alitoka Ibra mwaka gani kwenda Bara. Maziwa hawakuuliza. Al Qabil maziwa hayaulizwi kwa kuwa yanajulikana. Mtoto akinyonya kwa jirani mara moja, mji mzima unakumbuka mpaka anaoa, na bibi yeyote barazani atakutajia nani haramu kwa nani. Sisi wa Bara tuliporudi tulikuja na majina ya makabila yetu yamekunjwa vizuri, na waliokuwa wakikumbuka mambo ya uzazi tukawaacha kule. Lakini siku ile sikufikiri hivyo. Siku ile niliutazama uso wa Shangazi, nikaona bega lake linashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Labda nilikosea. Mwenye wivu huona hata kisichokuwepo. Lakini niliona.

Kisha Bi Salima akafanya jambo la haki, na ndilo lililoniumiza kupita yote. Akaita kutoka mlangoni, "Nassor, njoo." Na mimi nikashika shela yangu nijitande, akaishusha kwa mkono wake mwenyewe mpaka mabegani. "Acha, mama. Huyu kakako. Kuanzia leo hujifichi kwake." Nassor akaingia, ana dishdasha mpya, harufu ya udi. Akaambiwa. Nywele zangu nilikuwa nimezisuka asubuhi ile kwa mafuta ya yasmini, nikiwaza siku atakapoziona. Basi akaziona. Alikuja mbele yangu, akanibusu kipaji kama watu wanavyobusu dada zao. "Dada," akasema. Nikasema, "Naam, kaka." Nyuma ya mlango wa jiko hapakuwa na sauti yoyote.

Siku ya pili nilimpigia mama simu, kwa jirani yake mwenye duka. Nikamuuliza kama kuna mtu alininyonyesha. Akasema, "Salima, Mungu amlipe. Wewe na kile kitoto yatima. Kwani nani kakwambia?" Nikamwambia nimemwona, yuko salama, anakusalimu. Sikumwambia zaidi, simu ilikuwa inakatika.

Wageni waliporudi na baridi, Nassor alirudi nao. Sasa alikuwa akiingia mpaka jikoni kwangu, anakaa juu ya gunia la mchele, ananiambia habari za barabarani, na Zuwena inambidi ahame chumba kwa kuwa mwanamme wa kando kaingia. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nikikiombea: mlango ulikuwa wazi kwangu na umefungwa kwake. Na ndani ya mlango ule nikapewa kitumbua cha jana. Kabla ya Ramadhani aliniuliza, mimi dada yake, kama naona vibaya akimposa Zuwena. Nikamuuliza kama mbele yangu maneno bado yanamkimbia. Akasema sasa hayamkimbii. Nikasema basi posa. Mlitaka niseme nini? Mtu amekaa mbele yangu, kichwa changu kiwazi, na hawezi kuwa wangu hadi kiyama, ama awe shemeji yangu au awe wa mtu nisiyemjua. Harusini mimi ndiye niliyembebea Zuwena nguo na dhahabu, kama dada wa bwana harusi, nimejipamba, nimepiga vigelegele mpaka nikapwelewa na sauti. Wanawake walisema, wifi gani huyu mwenye furaha hivi. Nilikuwa na wivu hata kwenye ulimi.

Niliolewa baadaye Nizwa, na mtu mwema, mwalimu, sina la kumlaumu hai wala maiti. Nassor alikuwa akinipitia kila akienda na wageni huko, na hata kazi ilipokwisha hakuacha. Miaka imepita, nywele alizoziona siku ile zimekuwa nyeupe zote. Zuwena alipougua nilihamia kwake Al Qabil, kwenye ile nyumba ya saruji, nikimlisha na kumwogesha, kwa kuwa wifi ndiye mtu wa ndani. Wiki ile ya mwisho mwisho, mchana, Nassor ametoka kwenda msikitini, akaniambia nimuinue mto. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kwa kukaa na sisi.

"Rahma, nimekuonea wivu mimi. Umri wangu wote."

Nikadhani homa. "Wivu wa nini?"

"Nassor alipoachishwa kazi ulijua wewe, mimi nimejua baada ya wiki. Ameota ndoto mbaya, anakupigia simu wewe. Mimi nikimkasirisha, naogopa, mke anaachwa. Wewe unamtukana usoni anacheka, maana dada haachwi. Nimekaa naye miaka hii yote nasikia yuko na wewe kwenye simu, chumba cha pili, anacheka, na mimi niko nyuma ya mlango."

Na nikisema ukweli, nilisikia raha, raha ya kuwa hata mimi niliwahi kuonewa wivu kwa kitu. Nikamsogezea maji. Halafu nikamuuliza, kwa utani nusu, "Basi ungetaka tubadilishane?"

Zuwena alifikiri. Alifikiri kweli, macho juu ya dari. Kisha akatabasamu, yule yule wa zamani, mwenye chumvi yake.

"Hata siku moja," akasema.

Na wivu wangu ukarudi wote, mzima, kama wa msichana wa miaka ishirini na mbili. Nikamfunika shuka miguuni, nikakaa kwenye kiti, tukamngojea mumewe arudi.